Nanasi Lililovunda: Ramu ya Chungu ya Jamaika Yapanda Ufipa

Nanasi! Kizibo hakijatoka sawasawa, bado kinang'ang'ania mdomo wa chupa, na tayari chumba kizima kinanuka nanasi. Si lile la kumenywa na kupangwa kwenye sahani. Hili limesahaulika juani, limelegea, limeanza kutoa povu, nzi wamelizunguka, na bado mate yanakujaa. Nyuma yake inafuata ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi. Halafu gundi ya fundi viatu. Halafu achari ya embe, ile ya mafuta na chumvi. Halafu, naapa, rangi ya kucha. Ukisogeza pua mara ya pili unakuta mdalasini na mbao, na ukidhani sasa umeshaielewa, nanasi linarudi na kukufukuza. Mimi ni mtu wa kuonja, nimeonja vya pwani na vya bara, vya dukani na vya uani, na nawaambieni wasomaji: pua yangu ilikuwa haijawahi kutendewa hivi.

Chupa yenyewe ni Hampden Estate ya miaka minane, asilimia 46 ya pombe, kutoka parokia ya Trelawny, kaskazini mwa Jamaika. Shemeji yangu aliibeba toka ughaibuni, ikalala Dar es Salaam, ikapanda basi, ikapita Mbeya na Tunduma, ikatushukia Sumbawanga haijapoteza hata tone. Pembeni yake alifunga kwenye sweta chupa ya pili, nyeupe, mdogo wake mtukutu: Rum Fire, kutoka mtambo uleule, asilimia 63. Hiyo tutaifikia. Tukae kwanza na mkubwa.

Mezani tulikuwa wanne: mimi, shemeji, mzee jirani wa Katandala ambaye hakubali kuonja kitu kabla hajakihoji, na mama mmoja mpika pombe ambaye kimpumu chake cha ulezi watu wanakifuata toka Chanji. Nilimwita huyu mama makusudi. Mtu anayejua ulezi umechachuka kiasi gani kwa kusikia tu mlio wa povu ndani ya chungu ana pua kuliko wataalamu wote wa chupa za gharama. Na baridi ya Julai ilikuwepo, maana Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari na mwezi huo haina mzaha. Ramu ikiwa baridi hujificha. Basi glasi tukazishika kwa viganja vyote viwili, tukazipasha taratibu, na kila dakika ikaja na harufu mpya. Ukiipata chupa hii nyanda za juu, usiipeleke karibu na friji!

Sasa kinywani. Ulimi unategemea utamu, kwa sababu pua imeshaahidiwa tunda, lakini utamu haupo. Ni kavu! Hakuna sukari iliyoongezwa. Inaingia kama ngoma ya harusi inavyoingia uani, hodi haijaitikiwa na wapigaji wameshakaa. Mbele kuna chumvi na uchachu, katikati nanasi na embe sindano, mwishoni pilipili manga, ngozi, majani ya chai yaliyokolea, na ule ukali wa mbao uliokaa miaka minane kwenye joto la Karibi. Unameza, unadhani imekwisha. Unahesabu magari yanayopita nje, na ndizi bado iko kooni. Mzee wa Katandala aliweka glasi chini, akatazama dari, akasema, "Mwanangu, hiki kitu kimeoza vizuri."

Mzee, shikamoo zako zote! Hakuna mhakiki aliyewahi kuisema ramu ya Jamaika kwa ufupi namna hiyo. Imeoza vizuri, na imeozeshwa kwa makusudi, kwa ustadi na kwa vipimo, na hapo ndipo hadithi yake yote ilipo.

Sikilizeni inavyofanyika. Ramu nyingi za dunia huchachushwa siku moja au mbili kwa hamira ya kununua, zikapitishwa kwenye mnara mrefu wa kiwanda unaochuja pombe mfululizo mpaka itoke safi, nyepesi na bubu. Hampden hawataki hayo. Wanachukua molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa, wanauweka ndani ya matangi ya mbao, wala hawatii hamira yoyote. Hamira pori zilizomo hewani na kwenye zile mbao ndizo zinazofanya kazi, na kazi inachukua wiki nzima, mara nyingine wiki kadhaa. Humo wanaongeza maji ya miwa yaliyogeuka siki. Wanaongeza pia yale mabaki machachu yaliyosalia chunguni baada ya upishi uliopita. Wenyewe wanayaita danda. Na kwa zile ramu kali zaidi wanachota kutoka kwenye shimo. Ndiyo, shimo! Shimo la matope mazito ya danda na masalia ya miwa, limejaa bakteria waliolelewa miaka na miaka, linanuka kwa namna ambayo wageni huishia kutunga hadithi za mbuzi waliotumbukizwa humo. Hizo hadithi za mbuzi na popo zinaendelea kuuzwa kwa watalii. Bakteria wenyewe wanatosha.

Wanatosha kwa sababu ya kemia ambayo ingefundishwa hivi sekondari tungekuwa na wakemia wengi zaidi. Wale bakteria hutengeneza asidi. Mojawapo ni asidi ya butiriki, na ukiinusa peke yake utakimbia: ni samli iliyochacha, ni matapishi kabisa. Lakini asidi hiyo ikikutana na pombe, zikaoana, kinachozaliwa ni esta, na esta hiyo inanuka nini? Nanasi! Asidi ya siki nayo ikioana na pombe inatoa ile harufu ya gundi na rangi ya kucha. Kwa hiyo lile tunda lililotuvamia kabla ya kizibo kutoka halikutiwa na mtu. Hakuna nanasi lililoguswa, hakuna manukato. Ni uvundo uliopata mwenzi.

Mama mpika pombe alisikiliza habari za danda bila kushangaa hata kidogo. "Sasa na mimi machicha ya jana nayaweka wapi?" akauliza. Chombo chake cha kuchachushia hakisuguliwi mpaka kikang'aa. Kinabakizwa masalia kidogo, kimea kipya kinakuta wenyeji ndani. Alipewa hekima hiyo na mama yake, na hakuna aliyemwandikia karatasi. Ulezi wake anauotesha, anauanika, anausaga, unapikwa na kuachwa uchachuke. Kikifika wakati wa kunywa, kile kizito humiminiwa maji ya moto na watu wanavuta kwa mirija. Alipoonja ramu mara ya pili alikaa kimya kidogo, kisha akatoa hukumu ya kitaalamu: "Huyu aliyepika hakuwa na haraka." Akaongeza glasi yake bila kuombwa.

Shemeji yeye alikuwa anasoma herufi. Watu wa Jamaika wana tabia ambayo mimi inanitia wazimu kwa furaha: kila aina ya ramu wanaipa alama ya herufi, kufuatana na kiasi cha esta kilichomo, kinachopimwa kwa gramu katika kila hektolita ya pombe tupu. Pale Hampden wanaanza na OWH, gramu 40 hadi 80, mpole huyo. LROK ni 200 hadi 400. HLCF inapanda zaidi, na Rum Fire yetu ndiyo ya ukoo huo. Unapanda, unapanda, mpaka kileleni unakutana na DOK: gramu 1,500 hadi 1,600! Hiyo haikukusudiwa kunywewa peke yake. Ilikuwa ya viwanda vya peremende na keki, na ya kuchanganyia: matone machache yanalipa pipa zima la pombe bubu uso wa ramu. Na zile herufi si za kubahatisha, baadhi ni majina ya watu. OK ya kwenye LROK na DOK ni Owen Kelly. OWH ni Outram Hussey, wa familia iliyoinunua Hampden mwaka 2009. Fikiria jina lako likiwa kipimo cha harufu!

Wateja wakubwa wa ramu hizo nzito walikuwa Wajerumani. Mwaka 1889 Ujerumani ilipandisha ushuru wa pombe kali kutoka nje, wafanyabiashara wake wakapiga hesabu: kama ushuru unalipwa kwa ujazo, basi nunua ramu yenye harufu kali kuliko zote, kidogo tu, kisha ukaichanganye nyumbani na pombe isiyo na ladha. Jamaika ikajibu kwa kuvundisha zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia wa serikali ya kisiwa hicho, H. H. Cousins, alikuwa maabara akipima esta na kuwaeleza wapishi kwa nini mashimo yao yanafanya kazi. Na katika miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa na boma lao Bismarckburg, yaani Kasanga yetu, kule chini uwanda wa Ufipa unapoteremkia Ziwa Tanganyika. Dunia ilikuwa imeshaanza kuwa ndogo.

Lakini nisiwe mlevi wa historia tamu peke yake, kwa sababu chupa hii inabeba na uchungu. Hampden ilianzishwa mwaka 1753, na kwa miaka mingi ilikuwa mali ya ukoo wa Stirling kutoka Uskoti. Waliokata miwa, waliowasha moto, waliochungulia mashimo na kujua lini yameiva, walikuwa Waafrika waliotekwa na wajukuu zao. Ni katika mashamba ya Saint James na Trelawny ambako Sam Sharpe aliwainua maelfu ya watumwa Krismasi ya mwaka 1831; alinyongwa Mei iliyofuata, na uhuru kamili ukaja 1838. Pwani yetu nayo ina kumbukumbu ya miwa ya namna hiyo. Pangani ya karne ya 19 ilijaa mashamba ya sukari yaliyolimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, huyu tunayemsoma kwa vita vyake na Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba la miwa. Ninaponusa ule ustadi wa kuchachusha bila haraka, najua haukutoka kwa mwenye shamba aliyekaa Uskoti. Ulitoka kwa watu waliokuwa wamesimama pale, usiku, na joto la chungu usoni.

Na chungu chenyewe! Hapa mzee wa Katandala alivuta kiti. Chungu cha shaba, kikubwa, kinajazwa ile pombe mbichi iliyochachuka na kupashwa moto. Mvuke unapanda shingoni, lakini haukimbilii kupozwa. Unaingizwa kwanza kwenye tangi la shaba lenye pombe hafifu iliyobaki kwenye upishi uliopita. Unaichemsha kwa joto lake wenyewe, unatoka na nguvu zaidi. Unaingia tangi la pili, lenye pombe kali zaidi, unafanya hivyohivyo. Ndipo unapopelekwa kwenye maji baridi na kuwa tone. Moto mmoja, upishi mara tatu, na kinachodondoka ni zaidi ya asilimia 80. Wapishi wanakiangalia kinavyotoka: maji ya kwanza yanatengwa, ya kati ndiyo ramu, ya mwisho yanatengwa nayo, na yaliyotengwa yanarudi kwenye yale matangi mawili kusubiri zamu ijayo. Hakuna kinachotupwa. Leo inapika kesho.

Mzee akasema, "Hao ni Wafipa." Tukacheka, lakini hakuwa anatania. Babu zake walikuwa wafua chuma, na chuma cha Ufipa hakikuyeyushwa mara moja. Kwanza lilijengwa ilungu, tanuri la udongo lenye urefu wa mita tatu hivi, lisilohitaji mivukuto: matundu yaliyozunguka chini yalivuta hewa yenyewe, moto ukapanda siku na usiku. Kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikahamishiwa kintengwe, tanuri dogo la kuvukutwa, kikasafishwa mara ya pili, ndipo kikawa jembe. Fundi alikuwa na kapu lake la dawa ambalo hakulifungua mbele ya kila mtu, sawasawa na mpishi wa Trelawny na shimo lake. Mabaki ya malungu bado yamesimama huku vijijini, mengine katikati ya mahindi. Chuma cha kununua kilipofika, moto ukazimika. Jamaika pia walikaribia kuzima wao: viwanda vya ramu vilikuwa zaidi ya mia katika karne ya 19, leo vinahesabika kwa vidole na huhitaji kuvua viatu. Waliobaki walibaki kwa ukaidi.

Ukaidi huo ndio ninaoupigia makofi, na wivu ninao. Kwa sababu chungu cha kupikia pombe tunacho sisi pia, hilo kila mtu analijua na kila mtu analisema kwa sauti ya chini. Pipa, mrija wa shaba, karai la maji baridi, na nje mtoto wa kuangalia njia. Gongo, moshi, machozi ya simba, mwite utakavyo. Huku inatokana na chochote kilichopo, kusini Mtwara wanaipika kutokana na mabibo na kuiita nipa. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inakataza kuipika wala kukutwa nayo bila leseni, na sitawadanganya wasomaji kwamba ile ya gizani ni kinywaji cha kuandikiwa uhakiki. Anayepika huku anakimbia hatengi maji ya kwanza na ya mwisho. Hana kipimo. Anauza leo kwa sababu kesho anaweza kuwa mahabusu, na akitokea mfanyabiashara wa kuongeza spiriti ya kiwandani ndani ya dumu, watu wanapofuka, watu wanakufa. Haraka na woga ndivyo sumu ya kwanza ya pombe ile, na Jamaika hawakuwa na akili kutushinda. Walikuwa na muda, na ruhusa, na mtu wa kupima.

Tazameni tulichofanya Afrika Mashariki tulipoamua kuhalalisha. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965, ikataka enguli ya vijijini ikusanywe na kusafishwa kiwandani, na matokeo yake ni Uganda Waragi, iliyopikwa mara tatu mpaka ikawa maji yenye adabu. Sisi tuna Konyagi, asilimia 35, nyepesi, safi, rafiki wa ndimu na tonic, na sisemi neno baya juu yake. Imetutoa kwenye harusi nyingi. Kenya iliiondolea chang'aa marufuku kwa sheria ya mwaka 2010, na bado chupa ya chang'aa yenye jina la kijiji na la mpishi haijawa fahari ya sebule ya mtu. Njia yetu imekuwa moja: ioshe, itoe harufu, ndipo iwe halali. Jamaika wakaenda kinyume. Walisema harufu ndiyo mali. Wakaipima, wakaipa herufi, wakaiwekea ukomo wa gramu 1,600, na mwaka 2016 wakaisajili kisheria kwamba ramu ya Jamaika ni ile iliyochachushwa na kupikwa Jamaika, kwa maji ya Jamaika. Uvundo wenye cheti cha kuzaliwa! Nilipowaeleza hili mezani, mama alisimamisha glasi hewani. "Kwa hiyo serikali yao inalinda shimo?" Ndiyo, mama. Inalinda shimo.

Na mama mwingine ndiye aliyefika juu kabisa ya kazi hii. Joy Spence, mkemia, mwaka 1997 akawa mchanganyaji mkuu wa ramu ya Appleton hukohuko Jamaika, mwanamke wa kwanza duniani kushika cheo hicho katika ramu. Mama yetu aliniomba nirudie jina hilo. Nikarudia.

Haya, ile nyeupe. Rum Fire! Asilimia 63, haijakaa ndani ya pipa, haijatulizwa na mbao, imetoka chunguni ikatiwa chupa. Onyo la dhati: usiinywe tupu kwa kujionyesha. Weka kidogo chini ya glasi, ongeza maji kiasi hichohicho, subiri. Inafunguka na kuwa kubwa zaidi ya ile ya miaka minane: nanasi bichi, embe la kijani, chumvi, mpira wa baiskeli ulioungua, na mwisho kabisa utamu wa sukari guru unaokuja pasipo sukari. Ni kelele. Ni kelele tukufu. Mzee alikataa maji, akapiga funda dogo, macho yakatoa machozi, akatuambia ni moshi wa jiko. Jikoni hakukuwa na moto. Kule Jamaika pombe hii nyeupe na kali ndiyo ya mambo mazito: humwagwa chini msingi wa nyumba ukichimbwa, hunyunyizwa kaburini, hupakwa mtoto kichwani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa hilo kwenye meza ile. Mama alishadondosha tone lake sakafuni kabla shemeji hajamaliza sentensi.

Dosari? Zipo, na shabiki mkweli huzitaja. Ile ya miaka minane, kwa anayeifungua kwa mara ya kwanza, gundi inaweza kumfukuza kabla tunda halijafika. Ipe dakika kumi ndani ya glasi ndipo uipe hukumu. Asilimia 46 inanitosha, ingawa kwa uzito wa harufu hii ningependa ipande kidogo, ile katikati ya ulimi inapungua mapema kuliko pua inavyoahidi. Bei yake inauma: Ulaya ni euro 50 na kitu, na hapo hujalipa nauli yake. Ila nitetee bei kwa jambo moja. Kwenye joto la Jamaika pipa hupoteza karibu asilimia 6 kila mwaka kwa kuvukizwa hewani, hivyo baada ya miaka minane zaidi ya theluthi imeshaondoka. Unalipia na iliyokwenda. Rum Fire yenyewe haina tatizo la bei, tatizo lake ni wewe.

Chakula tulijaribu, maana ramu hii inadai kitu cha kupigana nacho. Mgebuka wa kukaushwa kutoka Kasanga, umechomwa mpaka ukatoa mafuta, ulikubaliana na ile ya miaka minane papo kwa papo: chumvi kwa chumvi, moshi kwa mbao. Ugali wa ulezi na maharage ulitulia pembeni na kuipa ramu nafasi. Maziwa ya mgando, wazo la shemeji, lilikuwa balaa na halitarudiwa. Ndimu na sukari guru kwenye Rum Fire, maji ya moto juu, asubuhi ya baridi ya Julai... hapo nilisimama. Kweli nilisimama. Maji huku juu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, yanakuwa na upole wa kutosha kufungua harufu bila kuichoma, na kikombe kile kilijaza ukumbi mpaka jirani akapiga hodi kuuliza tunamenya nini.

Inayofuata kwenye orodha yangu ni Worthy Park, wa parokia ya Saint Catherine, ambao walikuwa wakipika ramu tangu 1741, wakasimama miongo kadhaa, wakawasha upya mwaka 2005. Hao wanasifika kwa ndizi zaidi ya nanasi. Halafu Long Pond, majirani wa Hampden, wakorofi kupita kiasi wakitaka. Kwa hiyo mwenye ndugu Kingston, London au Toronto anayerudi Krismasi na kilo mbili za mzigo zisizo na mwenyewe, anitafute mapema. DOK nayo siku hizi hutiwa chupa mara mojamoja kwa wenye mioyo migumu, na mama wa kimpumu ameshaniwekea sharti: ikifika, kizibo atakitoa yeye, mimi nikae mbali na dirisha liwe wazi.